Mtunzi Darasani: Ngũgĩ wa Thiong'o, Mwalimu wa Fasihi

Usuli wa riwaya ya Shetani Msalabani

Malengo ya somo

Kufikia mwisho wa somo hili, mwanafunzi aweze:
(a) kueleza kazi ya Ngũgĩ wa Thiong'o kama mwalimu wa fasihi katika vyuo vikuu;
(b) kufafanua hoja kuu za waraka wa 1968 kuhusu ufundishaji wa fasihi;
(c) kuonyesha jinsi kazi hiyo ya ualimu inavyojitokeza katika riwaya ya Shetani Msalabani;
(d) kutumia usuli wa mtunzi katika kujibu maswali bila kuuacha matini.

Utangulizi

Wanafunzi wengi humjua Ngũgĩ wa Thiong'o kama mwandishi wa riwaya na tamthilia. Ni wachache wanaokumbuka kwamba sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia darasani, akifundisha, akitahini na kubishana na wenzake kuhusu vitabu ambavyo kijana wa Kiafrika anastahili kusoma. Mabishano hayo yalibadilisha idara nzima ya chuo kikuu, na baadaye yakachangia kumponza kazi.

Kwa nini tulijue hili? Kwanza, Shetani Msalabani ina mhusika ambaye ni msomi wa chuo kikuu, naye ni Gatuiria. Huwezi kumwelewa vizuri kama hujui mtunzi alikuwa akipigania nini katika chuo kikuu chake mwenyewe. Pili, riwaya hii imejengwa juu ya fasihi simulizi, na huo ndio utanzu ambao Ngũgĩ na wenzake walidai uingizwe darasani.

Tahadhari: Maisha ya mtunzi ni taa ya kumulikia matini. Si matini yenyewe. Mtahini hatoi alama kwa sababu unajua tarehe ya kuzaliwa kwa mwandishi.

1. Safari ya kuelekea ualimu

Ngũgĩ alizaliwa mwaka wa 1938 huko Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru. Alisomea shule ya upili ya Alliance, kisha Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, alikosomea Kiingereza. Mwaka wa 1964 alienda Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza. Riwaya zake za kwanza, zikiwemo ile iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kama Njia Panda, aliziandika kwa Kiingereza kwa jina la James Ngugi.

Zingatia jambo moja hapa. Sehemu kubwa ya elimu yake ya fasihi ilihusu vitabu vya Waingereza. Alisomeshwa historia na mandhari ya nchi ambayo hakuwa ameiona, huku kijiji alichotoka kikipitia hali ya hatari, vita vya Mau Mau na kunyang'anywa ardhi. Maisha aliyoyajua hayakuwamo katika vitabu alivyotahiniwa. Pengo hili ndilo chimbuko la kila alichokifanya baadaye kama mwalimu.

2. Waraka wa 1968

Mwaka wa 1967 Ngũgĩ aliajiriwa kuwa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho wakati huo kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Idara iliyomwajiri iliitwa Idara ya Kiingereza. Kenya ilikuwa imepata uhuru mwaka wa 1963, lakini silabasi ya idara hiyo ilikuwa bado imeegemea fasihi ya Uingereza, kana kwamba bendera haijabadilishwa.

Mnamo Septemba 1968, kaimu mkuu wa idara aliwasilisha mapendekezo kuhusu maendeleo ya Kitivo cha Sanaa na nafasi ya Idara ya Kiingereza humo. Tarehe 24 Oktoba mwaka uo huo, wahadhiri watatu walijibu kwa waraka wao. Hao ni Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong. Walipendekeza jambo ambalo liliwashtua wengi: Idara ya Kiingereza ifutiliwe mbali, na mahali pake pawe na idara ya fasihi na lugha za Kiafrika.

Hoja za waraka huo zinaweza kufupishwa hivi:

(i) Suala la kitovu. Mapendekezo ya awali yaliichukulia fasihi ya Kiingereza kuwa shina, na fasihi ya Kiafrika kuwa tawi la kuongezwa. Watatu hawa waliuliza kwa nini Afrika isiwe shina, na fasihi nyingine zitazamwe kutokea hapo. Hawakusema wanafunzi wasisome Shakespeare. Walisema mwanafunzi wa Nairobi aanze kwa kujitazama mwenyewe na jirani yake, ndipo atazame mbali.

(ii) Fasihi simulizi. Walidai kwamba ngano, nyimbo, methali, vitendawili na maigizo ya jadi ni fasihi kamili inayostahili kufundishwa na kutafitiwa chuoni. Kwa mtazamo wao, fasihi simulizi ilikuwa ingali hai, wala si mabaki ya zamani ya kuhifadhiwa.

(iii) Fasihi ya Kiswahili. Waraka uliitaja fasihi ya Kiswahili kuwa miongoni mwa nguzo za mafunzo, pamoja na zile za Kiarabu na Kiasia zilizoathiri eneo letu. Ulipendekeza pia wanafunzi wajue Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa.

(iv) Fasihi andishi ya Kiafrika ya kisasa, pamoja na fasihi ya Karibiani na ya Wamarekani weusi, kwa kuwa watu hao wana historia inayohusiana na yetu.

(v) Fasihi ya Ulaya. Hii nayo ingebaki, ila si kama kipimo pekee cha uzuri wa fasihi zote.

Mabishano yaliyofuata yalikuwa makali. Wapo walioona kwamba kiwango cha elimu kingeshuka. Wengine walidai kwamba fasihi simulizi haina maandishi ya kutosha ya kufundishia. Hatimaye mageuzi yakaja: Idara ya Kiingereza ikageuka kuwa Idara ya Fasihi, na masomo ya lugha yakapata idara ya isimu na lugha za Kiafrika.

Fikiria: Unapojibu swali la fasihi simulizi katika karatasi ya tatu, unajibu swali ambalo kizazi cha kina Ngũgĩ hakikuulizwa chuoni. Kuna watu waliobishana ili nyimbo za nyanya yako ziitwe fasihi.

3. Kujiuzulu na kurejea

Mwaka wa 1969 Ngũgĩ alijiuzulu. Wanafunzi walikuwa wamegoma baada ya mwanasiasa wa upinzani, Oginga Odinga, kuzuiwa kuhutubu chuoni, na serikali ikauchukulia mgomo huo kwa mkono wa chuma. Ngũgĩ aliona kwamba uhuru wa kitaaluma umevunjwa, naye hakutaka kuendelea kana kwamba hakuna lililotendeka. Alifundisha kwa muda Makerere, kisha Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani.

Alirejea Nairobi mwaka wa 1971. Baadaye akawa mkuu wa Idara ya Fasihi, ile ile ambayo mjadala wa 1968 uliizaa. Miongoni mwa waliofundisha katika idara hiyo miaka ya sabini ni Okot p'Bitek, mshairi kutoka Uganda, na Mĩcere Gĩthae Mũgo, ambaye alishirikiana na Ngũgĩ kuandika tamthilia iliyotafsiriwa kama Mzalendo Kimathi.

Mageuzi hayakuishia chuoni. Mnamo Septemba 1974 kulifanyika kongamano katika shule ya Nairobi School kuhusu ufundishaji wa fasihi ya Kiafrika katika shule za Kenya. Wahadhiri na walimu wa shule za upili walikutana kujadili vitabu vya kutahiniwa. Hoja ilikuwa wazi: haifai chuo kikuu kibadilike ilhali mwanafunzi wa kidato cha kwanza bado anaanza na vitabu visivyomtaja. Mti huanza kutunzwa ungali mche.

4. Mwalimu anageuka mwanafunzi: Kamĩrĩĩthũ

Mwaka wa 1976 Ngũgĩ alianza kushiriki katika shughuli za kituo cha jamii na utamaduni cha Kamĩrĩĩthũ. Wakazi wa hapo wengi walikuwa wakulima wadogo, vibarua wa mashamba ya chai na wafanyakazi wa viwanda. Walitaka mchezo wa kuigiza. Ngũgĩ na Ngũgĩ wa Mĩriĩ wakaandika Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nikipenda.

Hapa mhadhiri alijikuta katika darasa la aina nyingine. Wanakijiji waliisikiliza miswada na kuikosoa. Walirekebisha lugha, wakaeleza maneno gani mzee hawezi kumwambia kijana, wakasahihisha nyimbo na ngoma, na wakaeleza hali halisi ya kiwandani na mishahara yake. Profesa aliyesomea Makerere na Leeds alirudi kufundishwa lugha yake na watu ambao baadhi yao hawakuwa wamewahi kuingia shuleni.

Mchezo ulianza kuonyeshwa Oktoba 1977 na kuvuta umati mkubwa. Novemba mwaka huo serikali ilifuta kibali. Mwishoni mwa Desemba 1977 Ngũgĩ alikamatwa na kuzuiliwa bila kushtakiwa katika gereza la Kamiti. Aliachiliwa huru tarehe 12 Desemba 1978. Alipotoka, hakurudishiwa kazi yake chuoni.

Tujiulize: kwa nini mtu aliyekuwa amefundisha na kuandika kwa Kiingereza kwa miaka mingi, akiikosoa jamii waziwazi, akamatwe alipoandika kwa Kikuyu? Riwaya yake ya Kiingereza iliyotoka Julai 1977 ilikuwa kali pia, na haikupigwa marufuku. Jibu ambalo Ngũgĩ mwenyewe alilitoa katika maandishi yake ni kwamba tofauti ilikuwa hadhira. Kitabu cha Kiingereza kilisomwa na wachache waliosoma. Mchezo wa Kamĩrĩĩthũ ulieleweka na yule anayezungumziwa.

5. Riwaya iliyoandikwa gerezani

Akiwa Kamiti, Ngũgĩ aliandika Shetani Msalabani kwa Kikuyu kwenye karatasi za choo. Askari jela waliwahi kuzinyakua karatasi hizo, kisha akarudishiwa. Riwaya ilichapishwa kwa Kikuyu mwaka wa 1980, na tafsiri ya Kiswahili ikatoka mwaka wa 1982. Kwa mujibu wa mtunzi, nakala za Kikuyu zilisomwa kwa sauti nyumbani, katika mabasi na hata baani, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza. Yaani fasihi andishi ilirudi kuwa simulizi.

Mwaka wa 1982 Ngũgĩ alianza maisha ya uhamishoni. Alifundisha katika Chuo Kikuu cha Yale, Chuo Kikuu cha New York, na kuanzia 2002 katika Chuo Kikuu cha California, Irvine, ambako pia aliongoza kituo cha uandishi na tafsiri. Akiwa New York alianzisha jarida la Kikuyu liitwalo Mũtĩiri. Alifariki nchini Marekani tarehe 28 Mei 2025.

6. Ualimu wa mtunzi ndani ya riwaya

(a) Gatuiria

Gatuiria ni mtafiti wa utamaduni na muziki katika chuo kikuu. Alisomea muziki Marekani kwa miaka mingi. Ndoto yake ni kutunga muziki wa sauti na ala nyingi utakaosimulia historia ya Kenya. Hata hivyo anakwama. Ana ujuzi wa noti lakini hana kisa cha kuimba. Hata anapozungumza, Kiingereza humponyoka katikati ya sentensi. Hapa mtunzi anatumia uchanganyaji ndimi kuonyesha akili iliyogawanyika. Tatizo la Gatuiria ni lile lile la Idara ya Kiingereza ya 1968: kitovu chake kiko kwingine.

(b) Mzee Bahati

Gatuiria anapata mwanga anapomwendea mzee Bahati huko Nakuru, ambaye anamsimulia ngano: mkulima aliyembeba zimwi mgongoni, msichana aliyewakataa vijana wa kwao akaolewa na mgeni asiyejua kwamba ni zimwi mla watu, na Nding'uri aliyeuza roho yake apate mali. Msomi wa chuo anakaa chini ya mzee asiye na shahada. Linganisha hali hii na ya Kamĩrĩĩthũ.

(c) Msimulizi

Riwaya inasimuliwa na mpiga gicaandi. Gicaandi ni ushairi wa mafumbo wa Wakikuyu unaoambatana na kibuyu chenye mapambo. Kwa kumchagua msimulizi wa aina hii, mtunzi anatekeleza kwa vitendo kile alichodai katika waraka: fasihi simulizi ndiyo inayoibeba fasihi andishi.

(d) Elimu inayotumiwa vibaya

Mwireri wa Mukiraai ni msomi mwenye shahada za ng'ambo. Yeye hana shida ya kukosa mawazo, bali anaitumia elimu yake kutetea wizi, mradi wezi wawe wazalendo wasiogawana na wageni. Mtunzi anatuonya kwamba kuwa msomi si sawa na kuwa mwadilifu.

(e) Mwisho wa Gatuiria

Hatimaye Gatuiria anamaliza utunzi wake, na anampeleka Wariinga kwa wazazi wake huko Ngorika. Wariinga anatambua kwamba baba mkwe wake mtarajiwa ndiye tajiri aliyemharibia maisha akiwa msichana wa shule. Anampiga risasi na kuondoka. Gatuiria anabaki amesimama, muziki ukimrindima akilini, asijue aende upande upi. Hii ni picha kali anayoichora mwalimu wa chuo kikuu kuhusu wasomi wenzake. Msomi ameijua historia ya nchi, ameitungia hata muziki, lakini historia ilipofika mlangoni mwa baba yake, miguu ikawa mizito.

7. Mjadala: pande mbili za shilingi

Mwanafunzi makini huchunguza hoja pinzani. Fikiria hizi:

• Ngũgĩ alitetea lugha za Kiafrika, lakini alifundisha kwa miaka mingi katika vyuo vya Marekani kwa Kiingereza. Je, hilo linaidhoofisha hoja yake, au linaonyesha tu kwamba mlango wa nyumbani ulikuwa umefungwa?
• Riwaya ya Kikuyu humfikia Mkikuyu kwanza. Je, Mluhya, Mjaluo au Mgiriama anapata nini? Ngũgĩ aliiona tafsiri kuwa daraja kati ya lugha. Wewe unaisoma riwaya hii kwa Kiswahili kwa sababu ya daraja hilo.
• Wapo watunzi wengine waliofundisha fasihi vyuoni na kuandika kwa Kiswahili tangu mwanzo, kama vile Euphrase Kezilahabi wa Tanzania, Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar na Kyallo Wadi Wamitila wa Kenya. Kwa hao swali la lugha lilikuwa na sura nyingine, kwa kuwa Kiswahili huvuka mipaka ya kabila na ya nchi.

8. Jinsi ya kutumia usuli katika mtihani

Makosa yanayojirudia katika majibu ya wanafunzi ni haya:

1. Kusimulia maisha ya mtunzi badala ya kujibu swali.
2. Kudai kwamba Gatuiria ni Ngũgĩ. Sivyo. Gatuiria ni mwana wa tajiri na mtunzi wa muziki. Ngũgĩ alitoka katika familia ya wakulima. Mhusika anabeba swali la mtunzi, habebi maisha yake.
3. Kutaja hoja bila mfano kutoka matini.

Swali la mfano

"Elimu isiyo na mizizi humwacha msomi njia panda." Thibitisha kauli hii ukimrejelea Gatuiria. (alama 20)

Mwongozo wa kujibu

Mwanafunzi aanze kwa kueleza Gatuiria ni nani kwa sentensi moja au mbili, kisha atoe hoja kama hizi:

(i) Elimu ya ng'ambo imemtenga na lugha yake, anachanganya ndimi.
(ii) Amefunzwa muziki wa kigeni, hivyo anapata taabu kutunga wa kwao.
(iii) Anatamani kutunga historia ya Kenya ila anakosa kisa.
(iv) Anakataa kurithi biashara za babake. Ana uzalendo, lakini bado anatafuta nafasi yake.
(v) Maarifa anayoyahitaji yako kwa mzee Bahati, wala si chuoni.
(vi) Ngano za mazimwi zinamfunza kuhusu unyonyaji kuliko vitabu.
(vii) Analazimika kwenda Ilmorog kuishuhudia karamu ya Shetani ndipo aamini.
(viii) Anakamilisha utunzi baada ya kukutana na watu kama Muturi, Wangari na Wariinga. Mizizi inampa sauti.
(ix) Hajui asili halisi ya utajiri wa babake na madhara yake kwa Wariinga.
(x) Mwishoni anasitasita, hawezi kumfuata Wariinga wala kurudi kwa wazazi.

Hoja zozote 10 zilizofafanuliwa na kutolewa mfano: 10 x 2 = 20.

Maswali ya marudio

1. Eleza mapendekezo matano ya waraka wa 1968. (alama 10)
2. Fafanua jinsi mtunzi alivyotumia tanzu za fasihi simulizi katika Shetani Msalabani. (alama 20)
3. Linganisha na kulinganua Gatuiria na Mwireri wa Mukiraai kama wasomi. (alama 20)
4. Kusanya ngano mbili kutoka kwa mzee wa eneo lako. Andika jina la utanzu, hadhira yake na funzo lake, kisha uzisome darasani.

Swali la nne lisirukwe kwa kuwa halina alama. Ndilo lililo karibu zaidi na kile mwalimu huyu alitaka wanafunzi wake wafanye.